FT-101E: nitasomaje mkondo wa kila valvu ya fainali peke yake?

Mkonge_Tanga:
Habari za humu wakuu. Nina redio ya kurusha na kupokea ya maredio-amateur, Yaesu FT-101E, ile yenye valvu ya 12BY7A ya kusukuma na 6JS6C mbili za fainali (za mwisho, zinazotoa nguvu kwenda antena). Safi kabisa, hata kioo cha mita hakina mkwaruzo. Kinachonisumbua ni mita yenyewe. Swichi ikiwa kwenye IC (mkondo wa kathodi) inanipa jumla ya valvu zote mbili. Bayasi (mkondo wa valvu zikiwa zimepumzika, bila ishara) nimeiweka 60 mA, mshale umetulia tuli. Lakini usiku nikizima taa, nikituni kwa muda kidogo, naona kupitia matundu ya kifuniko sahani (anodi) ya valvu moja inaiva nyekundu na mwenzake giza tupu. Hizo 60 zaweza kuwa 30 kwa 30, zaweza kuwa 50 kwa 10, mita haisemi. Sitaki kutoboa uso wa mashine. Nifanyeje?

Fundi_Mawimbi:
Mita iache ilivyo. Chini ya soketi, kathodi mbili zinakutana kabla ya kwenda kwenye shanti (rezista ndogo ambayo mita inasomea mkondo). Hapo ndipo pa kukata. Kila kathodi ipe rezista yake ya ohmu 1, kisha upande wa pili ziungane kama zamani. IC itaendelea kusoma jumla. Kwa ohmu 1, milivolti 1 ni miliampea 1, kwa hiyo multimita ya kawaida kwenye 200 mV ikikuambia 30 basi ni 30 mA. Hesabu hamna.

Utamu wenyewe uko hapa: pima kathodi kwa kathodi. Valvu zikilingana unasoma sifuri. Ukisoma 40, moja imebeba 40 mA zaidi ya mwenzake.

Rezista ya kuzungushia waya usiweke, ile ni koili. Ukikosa ohmu 1 ya asilimia 1 (Kariakoo utazunguka mpaka viatu viishe), chukua kumi za ohmu 10 uziunge sambamba. Sambamba na kila ohmu 1 ya kathodi weka kapasita ya seramiki ya 0.01 µF, miguu mifupi kadiri uwezavyo.

Mzee_wa_Valvu:
Haya yote sawa, ila mmesahau kwamba sahani ina volti 600. Valvu ikipiga shoti ndani, hako karezista kanakatika kama fyuzi, kathodi inapanda juu, na waya wako wa kupimia umeushika mkononi. Kila rezista ipate dayodi 1N5408 sambamba, anodi ya dayodi ikae upande wa kathodi ya valvu. Siku za kawaida dayodi imelala, maana volti pale haifiki hata 0.3. Siku ya shoti inabeba yenyewe. Waya za kutoka nje zianzie kwenye rezista ya 1k pale pale soketini. Multimita haitaona tofauti. Na kabla ya kuingiza bisibisi: chomoa umeme, toa chaji za kapasita, halafu pima uhakikishe.

Mkonge_Tanga:
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Sasa nikikuta hazilingani? Potenshomita ya bayasi ni moja kwa zote mbili. Na waya nizitolee wapi, kwenye soketi ya ACC (ya vifaa vya ziada) nyuma?

Mzee_wa_Valvu:
Marahaba. ACC usiiguse kabisa! Kiplagi kile ndicho kinachofunga mzunguko wa hita za fainali. Kikitoka, valvu haziwaki. Tengeneza kibati kidogo, kibane kwa skrubu iliyopo tayari, jeki ikae hapo.

Fundi_Mawimbi:
Ukikuta 50 kwa 10, badilishana valvu soketi, multimita ikae vilevile. Alama ya kutoa kwenye multimita ikijitokeza au ikitoweka, tatizo ni valvu, na hapo unatafuta jozi iliyolinganishwa, ambayo kwa 6JS6C itakutoboa mfuko. Isipobadilika, valvu ni nzima. Kagua rezista na kapasita za soketi ile, hasa skrini gridi. Ukiweka jozi mpya, rudia bayasi na nyutralaizesheni (kuzuia fainali zisijizungushie mawimbi zenyewe) kabla ya kuongea na mtu.

Mkonge_Tanga:
Dayodi ninazo. Jumamosi nafungua.