Naomba ushauri: picha 31,000 za uani kwetu Tudor, nichague 20 vipi?

Kivulini (Ijumaa, saa 4:12 usiku)
Assalam aleikum wanabaraza, na kwa wengine habari za usiku.

Tangu 2011 napiga picha viumbe vya uani kwetu hapa Tudor, Mombasa. Si Tsavo wala si mbuga yoyote, ni uani tu, baina ya kisima na ukuta wa jirani. Nilianza siku niliyomkuta kenge amepanda kutoka hori, kajilaza kwenye karo ya kufulia utadhani yeye ndiye mwenye nyumba. Sikuacha tena. Nina komba juu ya bati saa nane za usiku, macho kama makaa. Nina popo kwenye mwembe, nguchiro na wanawe wanne, na keremkerem wekundu walioshuka na kaskazi wakajipanga kwenye waya wa stima. Nina mjusi kafiri aliyemeza nondo mkubwa kuliko kichwa chake, na ilimchukua robo saa nzima, mabawa yakimtoka mdomoni kama masharubu. Kamera ni ile ile ya megapikseli 12 niliyoinunua ya mkononi.

Sasa shule ya msingi ya mtaani inafungua maktaba, na mwalimu mkuu ameniomba picha 20 zitundikwe humo, zikae. Wiki ya tatu hii nimekaa mbele ya kompyuta. Kila nikifika picha moja hivi nazima mashine nakwenda kulala, na usingizi wenyewe hauji. Nyinyi mwachaguaje?

Fundi Lenzi
Kabla ya kuchagua, niambie picha hizo ziko wapi. Kama zote ziko kwenye diski moja ya nje, basi huna picha, una bahati tu. Weka nakala tatu, na moja iwe nje ya nyumba, kwa dada yako au kwa jirani unayemwamini. Diski haikupigii hodi siku ya kufa.

Pili, lenzi. Unyevu wa Mombasa wajulikana. Iangalie dhidi ya taa: ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, huo ni ukungu, umeshaanza kula. Itie kwenye mkebe wa plastiki unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mimi niliweka lenzi yangu kwenye mfuko wa ngozi miaka miwili, nikijiona naitunza. Ngozi ndiyo iliyoimaliza.

Mkaa Baraza
Umenikumbusha komba, ndugu yangu. Babu yangu alikuwa mgema kule Kikambala. Kila asubuhi alikuta kibuyu kimoja kimepungua, akawa amshuku kijana wa jirani. Usiku mmoja akangoja chini ya mnazi. Akashuka komba, hajiwezi, akaanguka kwenye makuti akalala hapo hapo! Babu akamfunika kwa kikapu mpaka kukacha, halafu akamwachia aende. Na yule kijana aliendewa akaombwa radhi. Laiti kungekuwa na kamera siku hizo.

Mzee wa Bamburi
Na mimi niseme. Picha yangu ya kwanza kuipenda ni ya yule kiboko Owen na kobe Mzee, pale Haller Park. Kiboko aliokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto hana mama, akamganda kobe. Nilikwenda na wajukuu. Na mahali penyewe palikuwa machimbo ya saruji, jiwe tupu, hadi yule Mswisi, René Haller, alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Watoto wa siku hizi wafaa kuonyeshwa mambo kama hayo. Mwanangu, tundika unachokipenda, usijitese.

Bi Mkunde
Nimesoma mara mbili. Umesema “kila nikifika picha moja hivi”. Picha gani hiyo?

Kivulini
Ni ya chozi, dada yangu, yule ndege mdogo wa mauani. Chozi jike analisha vifaranga. Ni picha nzuri, mwalimu mkuu ameiona na ameitaka iwe ya kwanza mlangoni. Marehemu mamangu aliitia fremu, ilikaa sebuleni kwetu mpaka alipofariki 2021. Labda ni huzuni tu. Turudi kwenye hizi nyingine: niwapange kwa jamii, ndege mbali na wanyama mbali, au kwa miaka?

Bi Mkunde
Picha nzuri, mama aliipenda, mwalimu aitaka. Hiyo haimnyimi mtu usingizi wiki tatu. Kuna nini?

Fundi Lenzi
Panga kwa saa za siku. Alfajiri, mchana, magharibi, usiku. Mtoto atatembea chumbani kama anayetembea uani kwako.

Kivulini (saa 6:40 usiku)
Haya, nitasema.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani 2015. Chozi alikuwa amefuma kiota kwenye mkomamanga, hatua sita kutoka dirisha la jikoni. Mwakijua kiota cha chozi: kifuko kinachoning'inia, kimeshonwa kwa utando wa buibui, kimebandikwa majani makavu na maganda hata ukipita wadhani ni taka zilizonaswa tawini. Mlango uko ubavuni, na juu yake kuna kibaraza kidogo. Mamangu ndiye aliyekiona. Akatukataza hata kuanika nguo upande ule.

Vifaranga walikuwa wawili, wamekua, vichwa nje ya mlango. Lakini majani yalikuwa mbele yao na jua la jioni halikupenya. Mamangu yuko jikoni akaanga sambusa za futari. Nikachukua mkasi wake wa kushonea, nikakata. Si tawi zima, vijitawi vitatu tu. Saa kumi na moja na dakika ishirini nikaipata: mama amesimama hewani, buibui mdomoni, na vile vinywa viwili wazi, ndani njano kama embe.

Alfajiri, baada ya sala, nikasikia kunguru. Nilijua kabla sijafungua mlango.

Mamangu alilia. Akasema kunguru hana dini. Nami nikanyamaza, na nikanyamaza miaka yote ile picha ikining'inia pale, naye akiwaonyesha wageni.

Mzee wa Bamburi
Usijilaumu, mwanangu. Adui ni kunguru. Hawa si wa kwetu, waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka, 1947 wakaonekana Mombasa, na leo ndege wadogo wa pwani hawana raha. Ndiyo maana mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaua milioni 1. Wewe ulikata majani, hukuua mtu.

Bi Mkunde
Mzee wangu, kwa heshima zote: kunguru walikuwapo hapo Tudor siku zote za kiota kile. Hawakukiona mpaka pazia lilipotolewa.

Mtoto wa Tanga
Samahanini wakuu, mimi naona hii ni chai. Nimekulia shambani, viota vya chozi nimeviona vingi. Kile ni kifuko kilichofungwa na mlango wake hautoshi hata kidole gumba. Kunguru anaingiaje? Na mtu ana picha 31,000 lakini hapa hajaweka hata moja. Tumeshaliwa sana na nyuzi za machozi humu, mwisho wake inakuja namba ya kuchangia.

Mkaa Baraza
Lo! Hata mimi nilianza kujiuliza. Hadithi ya Ramadhani, mama, mkasi... imekaa vizuri mno.

Fundi Lenzi
Mwenye uzi, kila faili ya picha ina tarehe na saa ndani yake. Si lazima uweke picha. Tuambie mafaili mawili ya kabla na baada yasemaje.

Kivulini (Jumamosi, saa 1:15 asubuhi)
Sitaki mchango wa mtu. Picha sikuiweka kwa sababu hiyo ndiyo shida yenyewe: kila anayeiona huisifu, na sitaki kusifiwa tena.

Ndugu wa Tanga, umesema kweli, kunguru haingii. Alikichana. Nilikikuta kimepasuka kutoka mlangoni hadi chini kama soksi kuukuu, sufi ya ndani imetapakaa juu ya vile vijitawi vyangu vitatu ambavyo sikuwa hata nimevifagia. Majani yake yalikuwa hayajanyauka. Chozi jike alikuwa bado anakuja. Alikuja mara nne nikiwa nimesimama, kila mara ana kitu mdomoni, anaelea mbele ya pale palipokuwa na mlango.

Na saa ninayo, Fundi. Nilipiga picha hiyo pia. Saa 12:38 asubuhi. Sikuwahi kuifungua hadi usiku wa leo.

Mtoto wa Tanga
Mkuu, naomba radhi. Mambo ya sufi na mama kurudi na chakula, hayo hatungi mtu. Shambani nimeyaona.

Bi Mkunde
Asante kwa kusema. Sasa niambie la mwisho: hiyo picha kubwa ya mlangoni imeshachapishwa, sivyo?

Kivulini
Imeshachapishwa. Inchi 24 kwa 18, na nimelipa. Na chini yake kuna kibandiko nilichokiandika mwenyewe: “Picha hii ilipigwa bila kuwagusa wala kuwasumbua ndege.”

Lakini nisikilizeni. Kuwagusa sikuwagusa, hilo ni kweli. Hata mama aliendelea kulisha jioni ile ile, kwa hiyo kusumbuka kwenyewe... Na hawa ni watoto wa miaka minane, tisa. Nataka wampende chozi. Nikiwaambia habari za kunguru na mkasi, watapenda nini? Na mamangu aliipenda picha hii. Kuishusha ni kama kumshusha yeye.

Fundi Lenzi
Hapo nitasema bila kuficha. Sisi tunaopiga ndege tunajua: majani ya kiotoni hayakatwi. Ukishindwa kabisa, unalivuta tawi kando kwa uzi dakika chache halafu unalirudisha, na mzazi asiporudi unaondoka. Baadhi ya mashindano hayapokei kabisa picha za viotoni kwa sababu ya hayo hayo. Mtoto mmoja kati ya hao atakuwa na simu yenye kamera mwakani. Ataiona picha yako, ataona kibandiko, atataka kama hiyo. Atachukua nini?

Mwalimu Mstaafu
Nimefundisha darasa la tatu miaka 30. Watoto wa umri huo wamezika paka, wameona kuku akichinjwa Ijumaa. Ukweli hauwatishi. Wanachoshindwa kukisahau ni mtu mzima aliyewadanganya.

Mzee wa Bamburi
Basi aitoe, waweke ya keremkerem.

Bi Mkunde
Hapana, isitolewe. Mama yako aliwakataza kuanika nguo upande ule. Hilo ndilo watoto walijue kumhusu, na hawatalijua picha ikikaa kabatini.

Kivulini (Jumapili, saa 11:50 jioni)
Nimerudi kutoka shuleni. Nilimweleza mwalimu mkuu yote. Alinyamaza, kisha akauliza kama ile ya pili inaweza kuchapishwa pia, ndogo, itundikwe chini yake. Nimempelekea faili, yeye ndiye atakayeamua. Kibandiko nimekibandua kwa kucha, gundi imebakia kidogo. Kipya nimekiandika hivi:

“Chozi jike akilisha vifaranga, Tudor, Juni 2015. Kiota kilionwa na mama wa nyumba, akakataza watu kupita karibu. Majani yaliyokificha yalikatwa ili picha ipatikane. Alfajiri yake kunguru walikichana.”

Zile nyingine nimezipanga kwa saa za siku, Fundi. Kenge ndiye wa saa sita mchana.

Mwalimu Mstaafu
Vizuri. Ila sentensi ya tatu. Yalikatwa na nani?

Kivulini (saa 12:31 jioni)
Nimebadilisha. “Niliyakata majani yaliyokificha.”