Mafundi simu Dodoma, mnaruti simu za watu halafu mnawaachia kitufe cha apdeti wazi. Acheni!

Wakuu, nawaandikia mafundi simu wa hapa mjini, kuanzia vibanda vya Majengo na Sabasaba mpaka wanaozunguka na laptopu kwenye hosteli za UDOM. Wateja mnaowaumiza nao wasome, wajue haki yao.

Mchezo ni uleule kila siku. Mteja analeta simu, anataka programu za kiwandani zinazomjazia nafasi ziondoke. Fundi anafungua kufuli la butiloda (programu inayoiwasha simu kabla ya Android), anaweka TWRP (rikavari isiyo ya kiwandani, yaani sehemu simu inapowaka kwa matengenezo), anaruti, yaani anajipa mamlaka yote juu ya mfumo, kwa programu ya Magisk, anapokea hela, anarudisha simu. Neno moja kuhusu masasisho ya mfumo hasemi. Mteja anarudi zake Kondoa au Mpwapwa, siku ya siku simu inamletea ujumbe kuwa kuna apdeti mpya. Anabonyeza, nani asingebonyeza? Simu inazima, inawaka ndani ya TWRP. Anachagua "Reboot System", inarudi TWRP. Hata akirudia mara kumi, ni TWRP tu. Kompyuta hana, na fundi akipigiwa anajibu: "Umeiharibu mwenyewe, ilete niiformati."

Hakuharibu yeye. Umeharibu wewe fundi, na hiyo formati haihitajiki!

Sikilizeni kinachotokea. Apdeti inapoanza, Android inaandika amri ya `boot-recovery` kwenye patisheni (kipande cha hifadhi ya simu) ndogo iitwayo misc. Butiloda inaisoma na kuipeleka simu rikavari. Rikavari ya kiwandani ikimaliza kazi inaifuta amri hiyo. TWRP inakigomea kile kifurushi, na kwenye baadhi ya simu amri inabaki palepale, ndiyo maana kila ukiwasha unarudi kulekule. Picha, meseji na namba za mteja zote zipo, hazijaguswa. Ndani ya TWRP nenda Advanced, kisha Terminal, uandike:

`ls -l /dev/block/by-name`

Ukiiona misc kwenye orodha:

`dd if=/dev/zero of=/dev/block/by-name/misc bs=2048 count=1`

Simu nyingine zinatumia njia ya `/dev/block/bootdevice/by-name/`, kwa hiyo angalia kwanza, usikisie. Hiyo 2048 usiibadilishe: amri inakaa ndani ya baiti 2048 za mwanzo, na zinazofuata watengenezaji wengine huweka vitu vyao. Anayefuta misc nzima anatafuta balaa lingine. Baada ya hapo futa kifurushi kilichopakuliwa, kwa kawaida kipo `/data/ota_package`, au `/cache` kwa simu za zamani, ndipo uwashe. Kazi yote haizidi dakika tano, na kuna watu wamepoteza picha za marehemu wazazi wao kwa sababu fundi hakutaka kujifunza mstari mmoja.

Kuna wanaobisha kwamba ukirudisha rikavari ya kiwandani apdeti itaingia tu. Haitaingia kama umegusa system, patisheni yenye mfumo wenyewe. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, vifurushi hivi vinarekebisha patisheni bloku kwa bloku, na kabla ya kuanza vinahakiki kama iko vilevile ilivyotoka kiwandani. Baiti moja ikitofautiana, apdeti inakataa. Hata kuifungua system kwa ruhusa ya kuandika, bila kufuta chochote, kunatosha kuibadilisha. TWRP ikiwaka mara ya kwanza inauliza kabisa kama ibaki "Read Only", nanyi mnateleza kidole kuruhusu bila kusoma.

Sasa simu za sloti mbili, yaani zenye nakala mbili za patisheni za mfumo, zilizoanza na Android 7.0 mwaka 2016. Hapa ndipo uharibifu ni mkubwa zaidi. Nyingi hazina patisheni ya rikavari, rikavari imo ndani ya patisheni ya boot pamoja na kerneli (kiini cha mfumo). Fundi anakariri alichozoea, anaandika kwenye kompyuta `fastboot flash boot twrp.img`, anaifuta kerneli ya kiwandani, kisha anashangaa Wi-Fi imekufa au simu haivuki nembo. Jaribu kwanza kwa `fastboot boot twrp.img`, inawaka mara moja bila kuandika kitu. Na jueni kwamba apdeti kwenye simu hizi inaandikwa kwenye sloti isiyotumika wakati mteja anaendelea kuchati, ikiwaka upya ruti na TWRP vimeondoka. Ukitaka ruti ibaki, utaratibu ni huu, na mpangilio wake usivurugwe: fungua Magisk, chagua "Uninstall", kisha "Restore Images". Usizime simu. Nenda Settings, weka apdeti mpaka mwisho. Ikikuomba iwashwe upya, ikatalie. Rudi Magisk, chagua "Install", halafu "Install to Inactive Slot", na uiwashe upya ukiwa humohumo ndani ya Magisk.

"Restore Images" ikikuambia bakapu haipo, maana yake aliyeruti hakuacha faili la asili. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mnapachika Magisk kwenye boot.img (faili la patisheni ya boot), kwa simu zilizotoka na Android 13 ni init_boot.img, halafu lile la asili mnalifuta kwenye laptopu kupata nafasi! Lazima lilingane na namba ya toleo la simu ile ile, si toleo la jirani. Mteja wa Bahi atalipata wapi? Apakue famuwea (mafaili yote ya mfumo wa simu) ya GB kadhaa kwa bando lake ili apate faili la MB 64 au 96?

Pia acheni kukimbilia `fastboot set_active`, amri ya kubadili sloti, kila simu ikigoma. Kwenye simu zinazotumia mfumo wa sloti mbili wa Virtual A/B, uliokuja na Android 11, apdeti ikishakamilika kuunganishwa, sloti ya zamani haina tena mfumo kamili wa kurudia. Utaipeleka simu shimoni.

Kwa Tecno, Infinix na itel zenye chipu ya MediaTek: kwenye SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuflashi, tumieni "Download Only". "Format All + Download" inafuta patisheni ya nvram, na IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inakwenda nayo, ukipiga *#06# hukuti kitu. Kabla ya kugusa chochote nakilini na kutunza patisheni za nvram, nvdata, nvcfg, protect1, protect2 na proinfo. Wale mnaochukua IMEI ya simu mbovu na kuiandika kwenye simu ya mteja, hilo ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010. TCRA ilishazima simu feki tarehe 16 Juni 2016, kwa hiyo msiseme hamjui IMEI ina uzito gani. Na flashini kwa laptopu yenye betri inayokaa. Umeme ukikatika preloader (programu ya kwanza kabisa kuiwasha simu) ikiwa nusu, simu hiyo haiwaki.

Tunachodai hakigharimu kitu. Siku ya kukabidhi, zimeni "Automatic system updates" kwenye Developer options, na mzime programu yenyewe ya apdeti, maana ile ya kwanza peke yake haizuii ujumbe:

`adb shell pm disable-user --user 0 com.wssyncmldm`

Hiyo ni ya Samsung. Xiaomi ni `com.android.updater`. Nyingine itafuteni kwa `pm list packages`. Faili la asili la boot liwekeni kwenye memori kadi ya mteja. Mwambieni pia kwamba programu za benki na za pesa zinaweza kugoma kwenye simu iliyorutiwa, ingawa *150*00# ya M-Pesa itaendelea kwa sababu inapita kwenye laini. Na kwa kuwa mmemfungia apdeti, viraka vya usalama havimfikii tena, basi mpangieni arudi mfanye kwa mkono, hata kama ni kwa malipo.

NYONGEZA: Mmeuliza Samsung ikishafunguliwa butiloda kama itapata tena apdeti ya hewani. Haitapata. Knox, alama ya usalama ya Samsung, ikishasoma 0x1 (imeguswa) hairudi, ni fyuzi iliyokatika ndani ya chipu. Apdeti ni kwa Odin, programu ya kompyuta ya kuflashi Samsung: AP (faili la mfumo) iliyopachikwa na Magisk, BL (butiloda), CP (modemu), na HOME_CSC (mipangilio ya nchi na mtandao) ili data ibaki. Ukiweka CSC ya kawaida umefuta kila kitu. Kwa Xiaomi, kabla ya kubonyeza flash kwenye Mi Flash, programu yake ya kuflashi, angalia chini kulia. Chaguo linalokuja lenyewe ni "clean all and lock". Ukiiacha hivyo kwenye simu ya soko la China iliyowekewa ROM (mfumo) ya Global, butiloda inafungwa na simu inagoma kuwaka.