NIMEAMBIWA NIRUDISHE TONGE SAHANINI ILI MTU APIGE PICHA!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na si kwa baridi. Nimetoka hotelini sasa hivi, bodaboda bado yuko getini anasubiri chenji.

Mnamjua. Yule wa "subirini kwanza!" Yumo humu, na najua anasoma.

Tulikuwa sita, jamaa yetu anatimiza miaka, huku Mikocheni. Mimi tangu asubuhi nina chai ya rangi na nusu chapati. Nikaagiza sato mzima, ugali, kachumbari na mchuzi wa nazi. Sato kaja bado anafuka moshi. Mhudumu kaninawisha. Nimemega tonge, nimelifinyanga, nimelitia shimo kwa dole gumba, nimechovya mchuzi, mdomo uko wazi. Nikashikwa mkono. WAKUU, NIKASHIKWA MKONO! "Rudisha hilo tonge, unaharibu picha!"

Tonge limeshachovywa. Nirudishe wapi?

Nikarudisha, maana meza nzima ilinitazama kama mwizi wa kuku. Akachukua kijiko akaziba pale nilipomega, akasawazisha ugali kama fundi anapiga lipu. Samaki akageuzwa uso uelekee dirishani. Pilipili yangu ikahamishwa, eti rangi haziendani. Kisha akapanda juu ya kiti, mtu mzima, na viatu! Taa ya simu ikamulika mpaka mzee wa meza ya pili akajifunika macho kwa leso. Tukaambiwa tuinue glasi, tucheke, tushushe, tuinue tena, maana klipu ya kwanza haikuwa na uhai. Dada, asiye na uhai pale ni sato!

Narudi kula, ugali umevaa ngozi, tui limeshika utando. Na yeye mwenyewe hali! Kainama anauliza "niweke hii au hii?" huku chipsi zake zimelegea kama kamba za viatu. Zamani tukitoka kula, vita ilikuwa nani ale kichwa cha samaki. Leo vichwa sita vimeinama mezani, ungedhani tunaombea chakula.

Tonge lilikuwa limefika mdomoni, wakuu. Mdomoni!

Mzee wa Kachumbari: Uzi bila picha haujakamilika. Weka picha ya tonge.

Mtoto wa Tandale: Na wewe ukarudisha? Dume zima? Tonge likishatoka sahanini lina mwenyewe.

Bibie Pwani: Huyo dada namjua, alikuja kwenye hitma ya bibi yangu akasogeza sinia la pilau kufuata mwanga. Masheikh wanasubiri.

Kaka Bando: Afadhali wewe chakula ulikiona. Mimi nimekwenda mahali hakuna menyu, kuna kistika mezani, ukiskani kwa simu ndiyo uione. Bando limeisha. Naomba menyu ya karatasi, naambiwa waliziondoa kipindi cha korona. Korona ya 2020 hadi leo! Nikanunua bando ili nijue bei ya chai.

Mama Lishe Mstaafu: Na sisi wauzaji tuseme wapi? Mtu anaagiza juisi moja, anaomba chaja, anakaa saa tatu kwenye meza ya watu wanne. Akiondoka, "mama, mtandao unasumbua, lipa namba imegoma." Picha zilivyokuwa zinapanda, mtandao haukusumbua?

Mtoto wa Tandale: @Mama Lishe Mstaafu hahaha hapo umenigusa, shikamoo mama.

Mpemba Halisi: Nendeni Forodhani magharibi ikiingia. Unasimama na bakuli la urojo, mtu anakusukuma umpishe apige mishkaki picha. Hanunui hata mmoja.

Fundi Jirani: Wa picha wana nafuu. Mimi nimekaa na mtu anatazama vichekesho sauti ya mwisho, hana spika za masikio, mifupa anatema bila kuangalia. Mmoja ukaangukia chai yangu.

Mwanza Damu: Mleta mada, samahani, sato na mchuzi wa nazi? Nani alikufundisha hayo? Sato ni wa ziwani, anataka nyanya, kitunguu na ndimu, basi.

Bibie Pwani: Nazi imekukosea nini? Samaki bila tui ni wa mgonjwa.

Mwanza Damu: Nyie changu wenu mkavu ndio anahitaji tui. Sato ana mafuta yake.

Mpemba Halisi: Changu mkavu?! Umemla wapi, kwenye friji?

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. NILISHIKWA MKONO. Tonge lilikuwa na mchuzi tayari!

Mzee wa Kachumbari: Ulikuwa ugali wa dona au sembe?

Mleta mada: Sembe. Lakini mada ni

Mama Lishe Mstaafu: Sembe na sato! Ndiyo maana uliganda haraka, mwanangu. Dona lingekungoja.

Mwanza Damu: Asante mama. Sasa huyu wa changu arudi hapa tumalizane.