Kinga (baiskeli) ya chuma, gia moja, mawe ya Goma: nyuma nifunge meno mangapi?

Kijana wa Keshero

Jambo bandugu. Niko Goma, Keshero. Mwaka jana nilinunua Birere kinga ya milima iliyokwisha tumika, chuma tupu, magurudumu ya inchi 26, gia 21. Dola 45, na muuzaji akaapa kwa mama yake kwamba gia zote zinafanya kazi. Zilifanya, wiki tatu. Mnajua njia zetu: ukitoka tu kwenye lami uko juu ya mawe ya volkano, makali kama chupa iliyopasuka. Jiwe moja liliruka likaingia kwenye derayeri, kile kifaa cha kuhamisha mnyororo, derayeri ikajikunja ndani ya gurudumu, spoki nne zikakatika. Nilirudi nyumbani kinga begani, watoto wa mtaa wakinisindikiza kama maiti.

Nimetengeneza mara mbili, ya tatu sitaki. Nataka kung'oa yote nibaki na gia moja. Lakini hii ndiyo kinga yangu ya kila kitu: asubuhi kazini, jioni bidoni ya maji ya lita 20 nyuma, Jumapili kupanda Munigi na marafiki.

Mbele nina plato (duara za meno za kwenye pedali) tatu, za meno 42, 34 na 24, zimepigwa ribiti, hazifunguki. Derayeri ilishikwa na kibati chake kwenye nati ya gurudumu. Nimejaribu mwenyewe: nimekata mnyororo, nikaupitisha plato ya kati na pinyo (duara la meno la nyuma) mojawapo kati ya zile saba za nyuma. Nikikanyaga kwa nguvu unahamia pinyo ya jirani. Fundi wa kwetu anasema niuze, ninunue chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo.

Dada wa Nguba

Pole kaka, ila nimecheka hapo kwa chukudu. Mimi niko Bukavu, nilifunga 34 mbele na 16 nyuma kwa sababu kwenye tambarare ilikuwa tamu. Tambarare gani, Bukavu hii? Kila nikipanda Kadutu nilikuwa nashuka na kusukuma, na wamama wenye mizigo mgongoni wananipita. Chagua meno kwa kufuata mlima unaopanda ukiwa na mzigo. Kwenye tambarare utazungusha miguu haraka kidogo, basi.

Fundi Ndosho

Kijana, hiyo kinga usiuze. Umesema derayeri ilishikwa na kibati: basi nina hakika karibu yote kwamba mahali pa ekseli, nyuma ya kadri (fremu), pana mfereji wa kulala, haukushuka wima. Huo mfereji ni bahati. Unavuta gurudumu nyuma mpaka mnyororo ukaze, unafunga nati. Mwenye mfereji wa wima analazimika kuongeza kifaa cha kukazia, na kifaa hicho nacho kitakula jiwe.

Mnyororo wako unaruka kwa sababu zile pinyo saba zimetengenezwa ili mnyororo uhame. Meno yake yamechongwa hivyo. Ziondoe zote. Kuna kifunguo chake chenye meno. Kibane kwenye jiliwa, ukalishe gurudumu juu yake, halafu zungusha rimu kwa mikono miwili kama usukani wa lori. Itakataa, itakataa, kisha utasikia *krak*. Hapo weka pinyo moja ya kinga nyeusi za kawaida, uzi wake ni uleule. Paka grisi kwanza, la sivyo siku ya kuitoa utanitafuta.

Sasa sikiliza, hapa ndipo vijana wengi wanaharibu. Pinyo moja inakaa karibu mno na spoki, na mnyororo utaenda upande. Fungua ekseli, toa washa za kulia uzihamishie kushoto, mpaka pinyo itazamane na plato ya kati. Gurudumu litakuwa halipo katikati tena, kwa hiyo legeza spoki za kulia, kaza za kushoto, robo mzunguko kila moja, mpaka rimu irudi katikati ya kadri. Faida yake ni kwamba spoki za pande mbili sasa zinavuta karibu sawa, na gurudumu linakuwa gumu kuliko lilivyotoka kiwandani.

Plato kubwa ya 42 usiitoe. Ikate meno yote kwa mashine, ibaki duara laini. Jiwe litagonga hiyo kabla ya kugonga mnyororo.

Meno: 34 kwa 20. Kwa tairi ya 26 kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita tatu na nusu. Ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika unaenda karibu kilomita 17 kwa saa. Birere hakuna anayekwenda zaidi ya hapo, hata pikipiki.

Mtu wa Kenya, Lubumbashi

(Kenya ni komini yetu, si ile nchi.) Hapa wanaoleta makala (mkaa) mjini wanatumia kinga nyeusi za gia moja tangu zamani, magunia yamepanda kuliko kichwa. Kwenye kilima wanasukuma, hakuna aibu. Neno moja tu: nunua na mnyororo mpana wa kinga hizohizo. Ule mwembamba wa gia hautaketi vizuri kwenye pinyo nene.

Kijana wa Keshero

Papa Fundi, aksanti sana. Krak niliisikia, na jirani pia, alitoka nje. Sikupata pinyo ya 20, nimefunga ya 18. Washa nilizohamisha ni mbili, rimu ilinichukua jioni nzima nikiwa nimefunga kipande cha kadibodi kwenye kadri ili nione inapogusa. Mnyororo haujaruka tena.

Jumapili Munigi: nimepanda bila kushuka, isipokuwa pale kabla ya maduka. Na bidoni bado nasukuma. Kwa hiyo swali jipya: nani ameona pinyo ya 20 Goma? Na jambo lingine, nikikaza nati ya kulia gurudumu linavutwa upande na freni ya nyuma inagusa. Mnaanza kukaza upande gani?

Fundi Ndosho

Kushoto kidogo, kulia kidogo, kwa zamu, mkono mwingine umeshika rimu katikati. Mnyororo uache ucheze sentimita moja juu na chini, usiukaze kama gitaa. Pinyo ya 20 ninayo, pita Jumamosi. Uje na ile derayeri mbovu, nitatoa springi yake.