Mwanafunzi akinaswa amelewa Nairobi: kesi inachepushwaje kabla mtoto hajajibu mashtaka?

mwalimu_wa_nasaha

Habari wadau. Shule zinakaribia kufungwa na tuna kikao na wazazi wa kidato cha tatu na cha nne. Swali huwa ni lile lile: mtoto wa miaka 16 au 17 amenaswa kwenye hausi pati au ndani ya matatu ya kukodi, kalewa, yuko selo, na polisi wanasema Jumatatu anapelekwa mahakama ya Makadara. Wazazi wengi wanajua njia mbili tu, kutoa kitu kidogo au kumwambia mtoto akubali makosa, alipe faini, yaishe. Najua kuna njia ya tatu, ya kesi kuchepushwa isiende mahakamani. Mwenye kuifahamu anieleze: nani anaiomba, anamwomba nani, karatasi gani zinatakiwa, na huwa inaharibikia wapi?

wakili_jogoo_road

Mwalimu, anza na charji yenyewe. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile inayojulikana kama "sheria ya Mututho", inamkaba hasa anayemuuzia mtoto pombe. Kwa hiyo mtoto aliyekunywa mara nyingi huandikiwa kulewa na kufanya fujo mahali pa umma, kifungu cha 33. Sasa kama alikuwa sebuleni kwa rafiki, amekaa kwenye kochi, fujo iko wapi? Na sebule ya mtu ni mahali pa umma tangu lini? Nalisema hili mapema kwa sababu kuchepusha kesi kuna masharti, na la kwanza ni mtoto kukubali kwa hiari kwamba alifanya kosa. Asiwahi kukubali kosa ambalo hakulifanya, eti ili mambo yaishe haraka.

Masharti mengine: uwe upo ushahidi wa kutosha kumshtaki (bila ushahidi faili inafungwa, haichepushwi), mtoto awe ameelezwa haki yake ya kunyamaza, asiwe ametishwa wala kurubuniwa, na yeye pamoja na mzazi au mlezi waridhie mpango wenyewe. Yote haya yamo katika Sheria ya Watoto ya 2022. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 221, inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai kabisa, na wa 12 ambaye hajatimiza 14 anachukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kinyume. Wanafunzi wako wamevuka hapo, lakini wadogo zao hawajavuka.

Sasa hesabu ya saa. Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini zikiishia siku ambayo mahakama haikai, zinasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa usiku anaweza kukaa ndani mpaka Jumatatu bila polisi kuvunja Kifungu cha 49. Hiyo wikendi ndiyo ya kuifanyia kazi. Jumamosi asubuhi mzazi afike kituoni na kitambulisho chake pamoja na nakala, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kitu cha shule: kadi ya mwanafunzi au ripoti fomu. Achukue namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Kisha aombe kumwona OCS, yaani mkuu wa kituo, mwenyewe, si afande wa kaunta, amwombe mambo mawili: mtoto atolewe kwa bondi ya polisi, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo apewe taarifa. Bondi ya polisi hailipiwi. Wakitaka dhamana ya pesa taslimu, hiyo ina risiti na inarudishwa kesi ikiisha. Pesa isiyo na risiti ni hongo, na mtoaji naye ana kosa.

Uamuzi wa kuchepusha si wa OCS, ingawa maneno yake kwenye faili yana uzito. Mwenye kalamu ni kiongozi wa mashtaka wa ODPP (ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma) aliyeko katika mahakama hiyo. Jumatatu, kabla ya saa tatu, mzazi au wakili amtafute ofisini kwake kabla faili haijapanda kwa hakimu. Maneno machache yanatosha: mtoto ni wa miaka fulani, hana kesi nyingine, anakubali kosa, mzazi yupo, shule inamjua, tunaomba kesi ichepushwe. Mkabidhi nakala za karatasi zote. Akikubali, ataagiza ripoti ya afisa wa watoto na mashtaka hayatasomwa siku hiyo.

Yakishasomwa bado nafasi ipo. Kiongozi wa mashtaka anaweza kuondoa kesi kwa kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Tatizo ni kwamba 87(a) haifungi mlango, mtoto akikiuka mapatano anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile.

nesi_wa_zamu

Kabla ya karatasi zozote, mzazi amwangalie mtoto. Asiyeamka akiitwa na kufinywa, anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika, anayepitisha sekunde 10 bila kuvuta pumzi, aliyepoa na midomo kuwa ya samawati, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Selo haimfai. Mlaze kwa ubavu ili akitapika asikabwe. Usimpe kahawa, usimmwagie maji baridi, wala usimwache "alale imtoke", kwa sababu pombe iliyoko tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala. Mzazi amweleze afande kwa sauti ya kusikika kwamba mtoto ni mgonjwa na aombe hilo liandikwe kwenye OB.

afisa_ustawi

Wakili ameeleza vizuri upande wa mashtaka. Niongeze kuhusu ripoti, maana mipango mingi mizuri hufia hapo.

Afisa wa watoto haandiki ripoti kwa kukisia. Ataenda nyumbani, atazungumza na mzazi na mtoto kila mmoja kivyake, atapiga simu shuleni, pengine atamuuliza chifu au mzee wa Nyumba Kumi. Anatafuta majibu ya mambo manne: mtoto anaishi na nani kwa kweli (si kwenye fomu, kwa kweli), nani huwa nyumbani jioni, hii ni mara ya ngapi, na pombe ilitoka wapi. Mzazi anayempamba mtoto, "huyu hajawahi kugusa", halafu shule iseme alisimamishwa muhula uliopita kwa sababu hiyo hiyo, amemharibia. Ukweli wenye aibu humsaidia mtoto kuliko sifa za uongo.

Kisha mapatano. Huandikwa, husainiwa na mtoto na mzazi, na yanaweza kubeba kimoja au zaidi ya haya: kuomba msamaha kwa mdomo au kwa barua, onyo rasmi, ushauri nasaha, kuripoti kwa afisa kwa tarehe zilizowekwa, kuhudhuria shule bila kukosa, kuwa nyumbani na familia saa fulani, kutofika mahali fulani, kutokaa na kundi fulani. Mzazi asome kila mstari kabla ya kusaini. Kosa ninaloliona zaidi ni kuandika "ataripoti kila Ijumaa" kwa mtoto anayesoma bweni Kitui au Nyeri. Wiki ya pili tayari amekiuka, faili inarudi kwa kiongozi wa mashtaka, na mtoto hana ubaya wowote alioufanya. Omba mapema: muhula ukiendelea, mwalimu wa nasaha atume taarifa kwa maandishi, na kuripoti ana kwa ana kubaki kwa likizo.

Kosa la pili ni mapatano yasiyo na tarehe ya mwisho. Lazima iwepo. Mwisho wake ukifika, mzazi asikae akingoja simu. Aende na vithibitisho vya mahudhurio, aombe barua au nakala ya uamuzi wa kufunga jambo hilo, aihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Na umri jamani. Vijana wakikamatwa huambizana waseme wana miaka 19, wakidhani watu wazima hutoka haraka kwa faini. Likishaandikwa 19, mtoto anachanganywa na watu wazima selo na kwenye charji shiti. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, kadi ya kliniki au ya ubatizo ni pa kuanzia, na mahakama inaweza kuagiza upimaji wa umri hospitali ya serikali. Upimaji huo hutoa makadirio, kwa hiyo kwa mtoto wa miaka 17 na nusu cheti kina nguvu zaidi. Kitafutwe usiku huo huo.

kamau_254

Mnapoteza muda bure. Faini ya hiyo charji ni ndogo. Kubali, lipa, mtoto arudi shule Jumanne. Mambo ya ripoti na kuripoti ni miezi.

wakili_jogoo_road

@kamau_254 kwa muda, una haki. Kwa mengine hapana. Ni kweli sheria hairuhusu maneno "kutiwa hatiani" na "hukumu ya adhabu" yatumike kwa mtoto, lakini akikubali kosa bado kuna faili ya mahakama iliyo na jina lake na uamuzi kwamba alitenda kosa. Akinaswa tena, faili hiyo ndiyo ya kwanza kufunguliwa, na ombi la kuchepusha mara ya pili linakuwa gumu. Tena hakimu hafungwi na faini. Anaweza kumwachilia kwa masharti chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, kumweka chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni, au akiona nyumbani hakuna usimamizi, akafikiria taasisi ya kurekebisha tabia. Mzazi aliyeingia kortini akiwa na faini mfukoni hana mkono katika uamuzi huo.

mama_wawili_umoja

Samahani kuingilia. Wangu ametimiza 18 mwezi uliopita na bado yuko kidato cha nne. Yeye hayumo kabisa?

wakili_jogoo_road

Mama, kama siku ya tukio alikuwa hajafika 18, sisitizeni tarehe hiyo, na cheti cha kuzaliwa kiwekwe kando ya tarehe iliyo kwenye OB. Kama alishafika, kinga za Sheria ya Watoto hazimfikii, lakini mlango haujafungwa. Sera ya ODPP ya kuchepusha kesi iliyotolewa 2019 inawagusa watu wazima pia, na kosa dogo la kijana asiye na rekodi ni aina ya kesi inayoweza kufikiriwa. Ombi linapelekwa kwa kiongozi wa mashtaka yule yule. Kwake kukubali kosa haraka kuna hatari kubwa zaidi, kwa kuwa mtu mzima hutiwa hatiani kwa maana kamili ya neno, na hayo yanaweza kumfuata kwenye cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai.

Msiokuwa na uwezo wa wakili, jaribuni Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, Kituo cha Sheria, au The CRADLE kwa kesi za watoto. Simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Na tafadhali, mkisoma mtandaoni mjue mengi ni ya Marekani. Kule umri wa kunywa ni 21, kuna kosa la mtoto kupatikana tu na pombe, na programu zina ada na darasa la saa kadhaa. Kuna wazazi wanaokuja kwa kiongozi wa mashtaka na cheti cha darasa la intaneti walilolipia kwa dola. Hapa hakina kazi.

mshauri_kasarani

Kuhusu ushauri nasaha ulioandikwa kwenye mapatano: wazazi wakisikia neno hilo wanakimbilia rihabu ya siku 90. Kijana aliyekunywa mara mbili kwenye pati kuwekwa ndani na watu wenye uraibu wa miaka, huko ni kumfundisha. Apimwe kwanza. Tunatumia CRAFFT, maswali sita ya vijana wa miaka 12 hadi 21: kama umewahi kupanda gari lililoendeshwa na aliyelewa, kama unakunywa ukiwa peke yako, kama unasahau uliyoyafanya, na kadhalika. Majibu mawili ya ndiyo au zaidi yanadai uchunguzi wa kina. Chini ya hapo, vikao vichache vya ana kwa ana na kimoja au viwili vya familia huwa vinatosha. Mtoto anayetetemeka, kutokwa jasho na kutapika saa chache baada ya kuacha kunywa ni suala la daktari, asingojwe. NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192, watawaelekeza kwa vituo vilivyoidhinishwa.

Barua ya mshauri iwe na tarehe za kila kikao, namba ya usajili ya mshauri, na kama mtoto alihudhuria. Siri za kikao zisiandikwe humo. Barua ya "To whom it may concern" yenye mistari miwili ya sifa hukataliwa, na ni sawa.

mwalimu_wa_nasaha

Nashukuru sana nyote. La mwisho: shule ikiombwa barua Jumatatu asubuhi, iandike nini? Mkuu wetu anaogopa kuonekana anamtetea mlevi.

afisa_ustawi

Mwalimu, barua isimtetee. Ukurasa mmoja wenye nembo na muhuri: jina, namba ya usajili, kidato, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye rekodi ya shule, mahudhurio ya muhula huu, adhabu zozote alizowahi kupewa na sababu zake, kisha sentensi moja kwamba shule iko tayari kumpokea na kwamba mwalimu fulani, kwa cheo chake, atatuma taarifa za mahudhurio kwa afisa wa watoto. Hiyo sentensi ndiyo tunayoitafuta. Mpeni mzazi nakala mbili kwa bahasha, na isitumwe kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi, maana kutangaza jina la mtoto mwenye kesi ni kuvunja sheria.