Mrejesho: Kiki na besi kugombana kwenye biti ya singeli

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kiki (ngoma nzito ya chini) na besi zinavurugana kwenye biti yangu ya singeli ya BPM 200 (mapigo 200 kwa dakika), kwenye spika kubwa ikawa ngurumo tupu. Mlioshauri saidicheni, yaani besi ijishushe yenyewe kila kiki ikipiga, ahsanteni sana, imekubali.

Kompresa, kifaa cha kubana sauti ikizidi kiwango, nimeiweka kwenye besi, ila inasikiliza kiki. Resho (ukali wa kubana) 4:1, tresholdi (kiwango cha kuanza kubana) nikaishusha mpaka besi inapungua kama desibeli 5 kila kiki ikipiga. Ataki (muda wa kompresa kushika) ya milisekunde 0 ilileta vimlio vya "tik" kwenye besi. Kwenye 5 vikapotea.

Shughuli ilikuwa kwenye rilisi, muda wa kompresa kuiachia besi irudi juu. Mkuu aliyesema milisekunde 250, nadhani ulikuwa unawaza muziki wa house: kwa BPM 120, kiki hadi kiki ni milisekunde 500. Kwa BPM 200 ni 300 tu, kwa hiyo besi haijainuka vizuri, kiki nyingine hii hapa. Nimeweka 90, sasa inapumua.

Ile mbinu ya kiki bubu, isiyosikika ila inaamsha kompresa, ni kiboko. Hata kiki halisi ikikatika, mdundo wa besi unaendelea kuyumba vilevile.

Kilichogoma ni saidicheni kwenye sauti ya emsii. Anachana haraka mno, silabi zikawa zinamezwa, nikaitoa. Na kwenye spika ya simu besi bado haisikiki. Nimeongeza distoshoni (kuikwaruza sauti) kidogo, nafuu ipo ila siyo sana. Mwenye ujanja hapo atie neno.