Canon 5D Mark III iliyotumika au EOS RP isiyo na kioo: nichukue ipi?

Chilonwa_Picha
Mbukwenyi wakuu. Nipo Dodoma mjini, nataka kubadilisha kamera kabla ya harusi za Desemba. Kuna mbili mbele yangu, zote zimetumika. Ya kwanza ni Canon 5D Mark III pamoja na lenzi 24-105 f/4L (f ni tundu la mwanga: namba ndogo, mwanga mwingi) kwa milioni 2.4. Ya pili ni Canon EOS RP, bodi (kamera bila lenzi) na adapta ya lenzi za DSLR tu, milioni 2.1. Moja ina kioo cha ndani kinachopeleka taswira kwenye kijicho cha kutazamia (ndiyo DSLR), nyingine haina. Ipi itanifaa? Mwenye 5D anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Fundi_Majengo
Swali nusu hilo mkuu. Unapiga nini, ukumbini au nje? Sasa hivi una lenzi gani na flashi gani? Video unafanya? Kompyuta yako ya zama zipi? Na shata ya hiyo 5D (pazia linalofunguka kila picha) imeshapiga mara ngapi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

D750_Milele
Zisahau zote mbili, tafuta Nikon D750. Ya mwaka 2014, megapikseli 24.3, matundu mawili ya kadi za SD, na fokasi inashika hadi -3 EV (kipimo cha mwanga: namba ikishuka, giza linazidi) wakati 5D Mark III inaishia -2. Betri moja ni picha 1,230 kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera. Umeme ukikatika tangu asubuhi, wewe unapiga send-off mpaka MC anaaga.

LenziTupu
Hakuna uzi usioingizwa D750 humu. Mwenzako kauliza Canon.

D750_Milele
Kauliza kamera. Nimejibu kamera.

Chilonwa_Picha
Samahani wakuu, niliandika haraka. Ninayo Canon 600D na ile 18-55 iliyokuja nayo, lenzi ya 50mm f/1.8 STM, na flashi moja ya Yongnuo. Kazi ni send-off na harusi ukumbini, picha za pasipoti studio, na wateja siku hizi wanadai video fupi za kuweka mtandaoni. Kompyuta ina Lightroom 6 ya kuhariri picha. Shata ya 5D muuzaji anasema "haijulikani".

Fundi_Majengo
Haya, sasa tunaongea.

Lenzi kwanza. 18-55 yako ni EF-S, ya familia ya 600D, kwenye 5D haiingii kabisa. Ukiilazimisha, nyuma yake itagongana na kioo. Kwenye RP inakaa kupitia adapta, lakini kamera inakata picha kwa 1.6, kwa hiyo zile megapikseli 26.2 zinabaki kama 10. Pasipoti inatosha, bango la ukutani hapana. 50mm inafanya kazi kote kote bila tatizo. Maana yake RP ya milioni 2.1 si ya milioni 2.1: bado hujanunua lenzi ya ukumbini.

Betri hazirithiki: 600D ni LP-E8, 5D ni LP-E6, RP ni LP-E17. Kipimo cha CIPA kwa 5D ni picha 950, kwa RP ni 250. Ukipiga mfululizo utapata zaidi ya hapo, lakini harusi ya picha 1,500 na RP usiende na betri chini ya nne. Nafuu ni kwamba RP inachaji kwa USB kutoka pawabenki yenye PD (chaji ya haraka), kamera ikiwa imezimwa.

Halafu kompyuta. RP inatoa faili ghafi (RAW) za CR3, na Lightroom 6 haizijui kwa sababu iliacha kuboreshwa 2017, kabla RP haijatoka 2019. Itabidi upitishe kila faili kwenye DNG Converter ya Adobe, ambayo ni ya bure, ndipo uhariri. CR2 za 5D zinafunguka moja kwa moja.

LenziTupu
Fundi ameisema RP kwa ubaya tu. Tuje kwenye video. 5D Mark III ni ya 2012: mwisho 1080p kwa fremu 30, na ukiwa unarekodi haimfuati mtu kwa fokasi, unazungusha pete kwa mkono huku bi harusi anakuja na matarumbeta. RP kwa 1080p inafika fremu 60 na inashika uso yenyewe. 4K yake ndiyo uchafu: inakata picha na fokasi inarudi kuwa ya kuhangaika, basi iache. Zote mbili zinakata kurekodi dakika 29 na sekunde 59, kwa hiyo hotuba ya baba mzazi weka simu ya akiba.

Pia pointi 61 za fokasi za 5D zimejazana katikati. Ukitaka jicho la mtu aliye pembeni mwa fremu, unafokasi kisha unasogeza kamera, na kwa f/1.8 jicho limeshapotea. RP inalitafuta jicho karibu fremu nzima.

Mzee_wa_CF
Vijana mnasifia jicho, ukumbi una giza. Soma kipimo vizuri. Ile -5 EV inayotangazwa kwa RP imepimwa na lenzi ya f/1.2. Ukiweka lenzi ya f/4 umepoteza hatua tatu na nusu za mwanga, umebaki karibu na -1.5, kwa sababu RP inafokasi kwa mwanga uleule unaoingia kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha (si ile ya watu na makazi). Zaidi ya hapo, Yongnuo yake ina taa nyekundu ya mistari inayoisaidia fokasi gizani. 5D inaitumia taa hiyo. RP haina habari nayo, inategemea kitaa chake kidogo cha mbele, na kitaa hicho hakiwaki ukiwa kwenye fokasi ya kumfuata mtu.

LenziTupu
Ndiyo maana atatumia 50mm f/1.8, mzee, sio f/4.

Mzee_wa_CF
Meza kuu ina watu wanane. Na 50mm, ili wote waenee, atasimama jikoni.

Dada_Kolo
Mnajadili fokasi, hakuna aliyetaja tundu la kadi. RP ina moja tu. 5D ina mawili, CF (kadi kubwa ya zamani) na SD.

Kuna harusi moja ya hapa mjini ambayo kadi yake ilizunguka kwa watu kadhaa kutafuta wa kuikomboa. Kamera ilikuwa ya tundu moja, kadi imeandikwa 128 GB, imenunuliwa nusu bei. Picha za kanisani zote salama. Picha za Nyerere Square salama. Kuanzia ukumbini, faili zina majina na ukubwa sahihi, lakini zikifunguliwa ni kijivu tupu au nusu picha nusu mistari. Kilichotokea ni hiki: ndani kadi ilikuwa 16 GB, imechezewa ijitambulishe kuwa 128. Faili ya RAW ikiwa na MB 27 hivi, 16 GB inajaa karibu picha ya 590. Baada ya hapo kamera inaendelea kuandika, kadi inaitikia "nimepokea", na hakuna kinachohifadhiwa. Kwenye skrini ya nyuma mpiga picha anaona kila picha inatokea vizuri, kwa sababu anachoonyeshwa sekunde zile mbili kinatoka kwenye kumbukumbu ya kamera, si kwenye kadi. Hakuna programu inayoweza kurudisha kitu ambacho hakijawahi kuandikwa. Keki, kutunza, hotuba, vyote vimekwenda, na maharusi walikwisha kulipa.

Kinga: kabla kadi haijaingia kazini, ijaze yote kwa programu ya H2testw, iandike mpaka mwisho kisha isome. 128 GB inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, iache usiku. Na ukitumia RP, beba kadi za 32 GB tano badala ya moja kubwa, badilisha kila hatua ya sherehe. Kadi ya kanisani isiingie ukumbini.

D750_Milele
Matundu mawili ya SD. Nasema tu.

Fundi_Majengo
Dada kasema kweli, ila matundu ya 5D nayo yana mambo yake. Lile la SD ni la polepole, halifiki kasi ya UHS-I. Ukiweka kamera iandike RAW kote kote, CF yako ya haraka inaisubiri SD, bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) inajaa, kamera inakwama wakati wa kurusha shada. Weka RAW kwenye CF na JPEG kwenye SD. Na kabla ya kununua, mulika tochi ndani ya tundu la CF: pini 50, zote ziwe zimesimama sawa. Moja ikipinda usiinyooshe kwa sindano ukiwa dukani, achana na kamera hiyo.

Chilonwa_Picha
Na vumbi? Niliambiwa zisizo na kioo hazifai kwa upepo wetu wa Agosti.

LenziTupu
Uvumi. Kioo cha DSLR kinapanda na kushuka kila picha, kinapepea vumbi humo ndani.

Mzee_wa_CF
Ukitoa lenzi ya DSLR, mbele ya sensa kuna kioo, nyuma ya kioo kuna shata imefungwa. Ukitoa lenzi ya RP sensa inakutazama uso kwa uso. Huo si uvumi.

Fundi_Majengo
Nyote mna nusu. EOS R ya 2018 inafunga shata ukizima, RP haifungi. Kwa hiyo RP badilisha lenzi ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kamera imezimwa, mdomo wake umeangalia chini. Kujua kama imeingia vumbi: ISO 100, f/16, picha iwe nje ya fokasi kabisa, piga anga tupu, kuza asilimia 100. Doa jeusi lenye kingo laini ni vumbi la kwenye sensa. Kwa DSLR, doa unaloliona kwenye kijicho cha kutazamia lakini halipo kwenye picha liko kwenye kioo cha fokasi, liache tu.

Kusafisha, anza na mpira wa kupuliza. Likigoma, fito ya kusafishia sensa ya milimita 24, matone mawili ya dawa, pitisha mara moja kwenda na upande wa pili kurudi, kisha itupe. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda. Na upepo wa gereji wa kujazia matairi usiusogeze hata karibu: mapazia ya shata ni membamba mno, yakipinda hiyo si kusafisha tena, ni kununua shata.

Dada_Kolo
Kwa pasipoti, ukichukua RP utawasha kamera studio uone giza tupu, usije ukairudisha kwa muuzaji. f/8, 1/160, ISO 100 bila flashi ni giza kweli, na RP inakuonyesha hivyo hivyo. Ingia kwenye menyu, zima Exp. simulation. Ukitoka nje, iwashe tena.

Nje mchana RP ina jambo lingine. Shata inaishia 1/4000. Jua letu la saa saba kwa f/1.8 na ISO 100 linataka 1/8000, ambayo 5D inayo. Ama ufunge lenzi hadi f/2.8, ama ununue kichujio cha kupunguza mwanga.

Chilonwa_Picha
Naona naelemea 5D. Ila video ndiyo inanipa mawazo, maana wateja wawili wa Desemba wameshaomba. Nikienda kuiona nikague nini zaidi?

Fundi_Majengo
"Haijulikani" si jibu. Nikon inaandika idadi ndani ya picha yenyewe, Canon hiyo haiandiki, lakini ukiichomeka kwenye kompyuta kwa USB kuna programu zinazoisoma. Nenda na kompyuta na waya. Shata imekadiriwa kwa mapigo 150,000. Ikiwa imepita hapo haimaanishi itakufa kesho, inamaanisha bei ishuke.

Kisha 24-105. Kama ni toleo la kwanza, la 2005, ugonjwa wake ni waya bapa wa diafragmu (tundu la mwanga la lenzi) unaochoka kwa kukunjwa na zumu. Ukipiga kwa f/4 haujitokezi kwa sababu diafragmu haijasogea. Weka f/11, piga picha tatu kwenye 24, tatu kwenye 50, tatu kwenye 105. Ikitokea Err 01 hata mara moja, toa bei ya lenzi kwenye hesabu yako.

LenziTupu
Au mwambie mwenye RP apunguze, umalizie na 24-105 ya STM. Hiyo 5D yenye kioo ni ya 2012, mkuu. Canon yenyewe imeshahamia upande wa pili.

Mzee_wa_CF
Canon imehamia, maharusi hawajahamia. Hawaulizi kamera ina kioo.

Chilonwa_Picha
Nimeongea na mwenye 5D, naiona Alhamisi saa kumi. Mwenye RP naye kanipigia, anasema atashusha laki moja. Hapo ndipo nimechanganyikiwa upya.

Mzee_wa_CF
Wakati unachanganyikiwa, kuna anayejua duka la hapa mjini lenye kisomeo cha kadi za CF? Changu pini zimepinda.